Kundi Ni Nini?

Katika shule za Tarakea, kama katika shule nyingine za nchi hii, watoto hufika siku moja mahali pa kitabu cha Kiingereza palipoandikwa majina ya makundi ya wanyama. Ng'ombe wengi pamoja huitwa "herd". Kondoo huitwa "flock". Nyuki huitwa "swarm". Simba huitwa "pride". Mwalimu huyaandika ubaoni, watoto huyataja kwa sauti moja, na siku ya mtihani huulizwa. Jambo hili ni dogo, na watu wengi hulipita bila kusimama. Lakini mwanafunzi mmoja alimwuliza mwalimu wake swali ambalo halikuwa na jibu kitabuni, na mwalimu akatuletea sisi: ng'ombe wangapi hutosha kuwa "herd"? Wawili je? Watatu? Na kama ni kumi, akichinjwa mmoja, je, wale tisa waliobaki wamekwisha kulipoteza jina?

Waliosoma habari za wenye hekima wa Kiyunani watalitambua swali hili. Eubulides wa Mileto, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, aliuliza vivyo hivyo juu ya chungu ya nafaka: punje moja si chungu, wala kuongeza punje moja hakuwezi kugeuza kisicho chungu kuwa chungu, basi chungu yatoka wapi? Watu wamelishindania swali hilo zaidi ya miaka elfu mbili, na mtoto wa Tarakea amelifikia peke yake kwa njia ya ng'ombe. Tunamsifu. Walakini twadhani hesabu siyo mahali pa kulitafuta jibu. Ng'ombe arobaini waliosimama sokoni, kila mmoja na kamba yake na mwenyewe wake, hawajawa kundi, ijapokuwa wanagusana mbavu. Na ng'ombe watatu wanywao maji mahali pamoja na kuitikia mluzi mmoja wamekwisha kuwa kundi. Tulimjibu mwalimu hivyo, naye akarudi darasani na jibu ambalo, yamkini, halitampatia mtoto alama yo yote katika mtihani.

Na kwa mtoto wa Rombo neno hili lina ugumu wa pili, maana "herd" yenyewe hajaiona nyumbani kwao. Msomaji wa mbali na afahamu ya kuwa huku mlimani ardhi yote imejaa. Kihamba ni migomba, na kahawa, na nyumba, na makaburi ya wazee. Hakuna nafasi ya kulishia. Ng'ombe hukaa bandani, mmoja au wawili, na majani huletwa kwa kichwa kutoka mbali, mara nyingi na akina mama na watoto. Ng'ombe huyo hujulikana kwa mwendo, kwa sauti na kwa hasira zake. Mtoto ajua siku aliyozaa na siku aliyomwaga ndoo ya maziwa kwa teke. Mwambie mtoto huyu "ng'ombe", naye amwona mmoja. Akitaka kuona wengi pamoja, sharti atazame upande wa Oloitokitok, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, waliko Wamasai na mifugo yao uwandani.

Tena wazee wa Uchagga walikuwa na desturi ya kuweka ng'ombe kwa watu wengine. Mwenye mali alimpa jirani au ndugu ng'ombe amtunze bandani mwake. Mtunzaji alipata maziwa na samadi kwa migomba yake, na mwenyewe alibaki na haki yake juu ya ng'ombe na uzao wake, na siku ya kuchinja kila mmoja alijua fungu lake la nyama. Mtu mkubwa aliweza kuwa na ng'ombe ishirini katika mabanda ishirini, nao hawakuonana hata siku moja. Sasa tuseme nini? Je, hao walikuwa kundi? Hawakulishwa pamoja, hawakunywa pamoja, wala hawakujuana. Lakini watu wenye mabanda hayo walijuana sana. Kilichoungwa pamoja kwa ng'ombe hao kilikuwa ni wanadamu. Mwingereza anayelitafuta neno la jambo hili katika lugha yake atachoka kulitafuta.

Yale majina mengi ya Kiingereza yana historia yake, na ni vema walimu waijue, wasiwachoshe watoto bure. Mwaka 1486 kilipigwa chapa huko St Albans katika Uingereza kitabu kilichohusu kuwinda kwa ndege na kwa mbwa, pamoja na alama za ukoo za mabwana wakubwa. Ndani yake mliandikwa orodha ndefu ya majina ya makundi, yapata mia moja na sitini. Mengine yalikuwa majina ya kweli ya wawindaji. Mengine yalikuwa ya mzaha, maana orodha haikukoma kwa wanyama, bali iliendelea kuwapa majina ya kundi watawa wa kike, na wapishi, na watu wa kazi nyingine, kwa kuwacheka. Kijana wa kabaila alijifunza maneno hayo ili asionekane mshamba mbele ya wakubwa. "Pride", lile jina la kundi la simba, maana yake ni kiburi. Simba hawana kiburi. Waliokuwa nacho ni wale walioitunga orodha. Basi mtoto wa Tarakea akijua "herd", "flock" na "swarm", amejua yatakayomfaa. Mengine ni mapambo, na mapambo hayana dhambi, ila yasiwe ndiyo mtihani wa akili ya mtu.

Kila watu hukipa majina mengi kile wanachokigawa kila siku. Sisi tuna mkungu wa ndizi, na ndani ya mkungu zimo chane, na ndani ya chane kila ndizi yaitwa dole, wala hapana mtoto wa mlimani anayekosea. Kwa wanyama, Kiswahili chatosheka na neno "kundi", na kwa nyuki chaongeza "bumba". Umaskini huo wa majina haututii haya, kwa sababu lugha yetu imeficha mahali pengine jambo kubwa zaidi kuliko orodha ile ya mwaka 1486. Imelificha katika viungo vya maneno.

Angalieni. Katika Kiswahili mnyama husemwa kama asemwavyo mtu. Twasema mtu amelala, na simba amelala. Mtoto anakunywa, na ndama anakunywa. Hata siafu, aliye mdogo vile, husemwa kuwa ameuma, sawasawa na mtu. Katika sarufi kila chenye pumzi kimepewa kiti pamoja na wanadamu. Mwingereza humwambia mnyama asiyemjua kama aambiavyo jiwe. Sisi hatuwezi hata tukitaka. Lakini tukisha kuwaita wanyama hao "kundi", kiti kile huondolewa. Ng'ombe wanakuja, kundi linakuja. Ng'ombe wamechoka, kundi limechoka. Linakuja kama lijavyo gari, limechoka kama kwamba ni jembe. Wanyama ni wale wale, mavumbi ni yale yale, lakini pumzi imetoka katika neno.

Wala si kwa wanyama peke yao. Watu wanapita, umati unapita. Wachagga wamesema, kabila limesema. Vijana wamekataa, taifa limekataa. Kila mara tunapokusanya watu wengi katika jina moja, kiungo cha watu hutoka na kiungo cha vitu huingia. Waingereza wenyewe husitasita mahali hapa: mara husema "the herd is", mara "the herd are", kana kwamba hawajakata shauri kama ni kimoja au ni wengi. Sisi tumekata shauri zamani, bila kuulizana.

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya sarufi, hayamdhuru mtu. Twamwomba atazame gazeti. Mara kwa mara husomwa humo ya kwamba mtu aliyedhaniwa kuwa mwizi ameuawa, na waliomwua wanaitwa kwa jina moja ambalo kila msomaji wa Kiswahili alijua kwa moyo: wananchi wenye hasira kali. Hakuna Juma wala Yohana katika habari hiyo. Hakuna aliyeleta tairi, hakuna aliyeleta mafuta, hakuna aliyewasha kiberiti. Kundi limefanya. Nasi tumezika watu wa namna hiyo, tena tumekaa na mama zao, wala hatujapata hata mara moja kukutana na kundi lililokuja kuomba msamaha. Waliokuja, walipokuja, walikuja mmoja mmoja, usiku.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili kuliko gazeti. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chasema juu ya watu wanaofanya shauri moja la kutenda kosa pamoja. Likitendeka lile ambalo ni tokeo la kutazamiwa la shauri lao, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Sheria hailishitaki kundi. Yalivunja kundi vipande, na kumsimamisha kila mtu kizimbani kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Wengine hujitetea kwa kusema ya kuwa mtu katika kundi siye yule aliyekuwa peke yake. Neno hilo si la kudharau, maana hata katika viumbe limeonekana. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walivamia Kenya kwa wingi ambao haukuonekana huko kwa muda wa miaka 70, na mapema mwaka 2021 baadhi yao walifika kaskazini ya Tanzania. Nzige huyo, akiwa peke yake, ni panzi mpole wa rangi ya majani au ya udongo, akwepaye wenzake. Lakini mvua ikinyesha jangwani wakazaliana sana, kisha majani yakapungua wakasongamana, kule kugusana miguu kwawabadili: tabia yao yageuka kwa saa chache, na baadaye rangi yao nayo, wakaanza kwenda pamoja na kula pamoja. Zamani wataalamu walidhani wenye hali hizo mbili ni wadudu wa namna mbili mbalimbali. Mwaka 1921 Boris Uvarov alionyesha juu ya nzige wahamao ya kuwa ni mdudu mmoja. Basi kundi laweza kumgeuza kiumbe, hatukatai. Lakini nzige hana njia ya kukataa kuguswa. Mtu aonapo tairi linaletwa ana miguu ya kuondoka, na ana kinywa cha kusema, "Mwacheni, mpelekeni polisi." Twajua walio sema hivyo, na wengine walipigwa kwa kusema.

Neno la kundi huficha mwenye hatia, na vilevile huficha asiye na hatia. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia wilaya ya Ngara. Walikuwamo watoto wa kunyonya na vikongwe. Tena walikuwamo wengine waliokuwa wameua jirani zao kwa mapanga majuma machache nyuma. Wote waliitwa wakimbizi. Na kabla ya hapo, huko walikotoka, redio ya RTLM ilikuwa imewaita watu wa kabila jingine mende, mchana na usiku, mpaka watu wakaweza kuwaua bila kuona kwamba wanaua watu. Hiyo ilikuwa kazi ya jina la kundi mara mbili, nayo mara zote mbili ilikuwa ni kufuta nyuso. Wafanya kazi wa misaada walipoanza kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi, jina la baba, jina la mama, jina la kilima walikotoka, ndipo watoto wengine walipoanza kurudishwa kwa jamaa zao. Hawakuweza kurudishwa kwa hesabu.

Je, tuseme basi ya kwamba kundi ni uongo, na kilichopo ni mmoja mmoja tu? Hapo tungekosea upande wa pili. Tazameni ndovu. Wakulima wa Rombo hawawapendi, na wana sababu, maana usiku mmoja ndovu humaliza shamba la mahindi lililolimwa miezi mingi. Na mwenye shamba, asubuhi, husema tu ya kuwa kundi limepita. Lakini huko Amboseli, chini ya mlima huu huu, tangu mwaka 1972 Cynthia Moss na wenzake wamewatazama ndovu na kuwatambua mmoja mmoja kwa mikato na matundu ya masikio yao. Wakaona ya kuwa lile tunaloliita kundi ni jamaa: jike mkubwa huongoza, nao wengine ni binti zake, na dada zake, na wajukuu, madume wakikua huondoka. Jike mzee akumbuka maji yalipo mwaka wa ukame, na akifa, jamaa yake hupungukiwa na zaidi ya ndovu mmoja. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza ya kwamba katika sauti za ndovu wa Kenya wameona dalili ya kuwa huitana kwa miito iliyo kama majina, kila mmoja na wake, na ya kuwa ndovu aliyesikia mwito wake mwenyewe huitikia upesi kuliko asikiapo wa mwingine.

Mwenye shamba ameona "herd". Wenyewe kwa wenyewe huitana.

Na wachungaji wa Kimasai, ambao twawaona kila siku ng'ambo ya mpaka, hawawahesabu ng'ombe jioni kama karani ahesabuvyo magunia. Hutazama wanavyoingia bomani, na kwa kutazama tu wajua ya kuwa yule mwenye baka begani hayupo. Hesabu huja baadaye, ikiwa serikali yaitaka. Sisi huamini ya kuwa yule mchungaji wa mfano wa Injili, aliyewaacha kondoo tisini na tisa, alikuwa mtu wa namna hii. Mara nyingi tumesikia vijana wakisema alikuwa mjinga, maana alihatarisha wengi kwa ajili ya mmoja. Wangekuwa na haki kama kondoo wangekuwa punje za Eubulides. Lakini mtu aliyezoea kuwaona mia kwa nyuso zao haoni tisini na tisa. Aona mahali patupu.

Maswali haya yamekwisha kuulizwa mlimani hapa zamani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika nchi hii 1902 akaondoka mara ya mwisho 1938, alifundisha kwa nguvu ya kwamba mtu hawi mtu peke yake, bali ndani ya ukoo, na ujirani, na rika. Na kanisa likitaka kusimama Uchaggani lisivunje vifungo hivyo, bali lijengwe juu yake. Kwa sehemu kubwa twamwunga mkono, maana tumeona yaliyowapata waliovunja vifungo hivyo wakaenda mjini bila kufunga vingine. Lakini kifungo cha damu kina hatari yake, nacho kimezoea kumwacha mgeni nje ya mlango. Katika miaka ile ile, huko Ujerumani kwao, watawala walioshika nchi 1933 walilichukua neno la watu wa damu moja wakafanya kwalo mabaya ambayo dunia haijayasahau. Ukoo ni kitu kizuri mpaka ulizwe: na asiye wa ukoo je?

Hapa neno letu la kanisa latusaidia kuliko la Waingereza. Wao huwaita Wakristo wa mahali pamoja "congregation", neno la Kilatini, na ndani yake limo "grex", yaani kundi la mifugo. Kwa asili maana yake ni kukusanywa zizini. Sisi twasema usharika. Neno hili latoka katika kushiriki, yaani kuwa na fungu katika kitu kimoja. Kondoo hukusanywa kwa fimbo, na fungu hupewa mwenye jina. Ni ndugu wa neno ushirika, ambalo wakulima wetu wamelijua tangu KNCU ilipoanzishwa 1933. Nao wajua jinsi mambo yaendavyo huko: kila mtu huleta kahawa yake, yapimwa, kilo zake zaandikwa kwa jina lake, ndipo yamwagwa pamoja na ya wengine. Baada ya hapo hakuna awezaye kusema punje hii ni ya nani. Chungu imekuwa moja, tena yauzwa mbali kwa bei ambayo mtu mmoja asingeipata. Lakini mizani ilitangulia, na kitabu cha karani kipo, na mjane mwenye debe moja jina lake limo sawasawa na mwenye magunia kumi. Karani akimwaga kwanza kisha ndipo apime, huo si ushirika tena. Ni mgogoro, na wazee wa vyama vya msingi wanaweza kutusimulia.

Tunalo ombi moja kwa wasomaji wa Rombo. Tumesema ya kuwa Kiswahili kina majina machache ya makundi. Lakini lugha ya nyumbani si Kiswahili, nayo ina njia zake za kuwaita mbuzi wa zizi moja, na nyuki wa mzinga mmoja, na wale ng'ombe waliowekwa kwa watu, na watu wa rika moja. Wazee wanaoyajua maneno hayo wanapungua kila mwaka, na watoto wanaojifunza "herd" shuleni hawayasikii. Anayeyakumbuka na atuandikie, au amwambie mwinjilisti wake amwandikie, pamoja na jina la mahali linaposemwa, kwa kuwa Usseri husema hivi na Mashati husema vingine. Tutayakusanya na kuyachapa katika kurasa hizi, kila neno na jina la mzee aliyelileta.